Nani Alitangulia Kufika? Historia ya Koo na Haki ya Kukaa

Mwaka jana wakati wa likizo niliombwa kupiga chapa kitabu kidogo. Wazee wa kijiji chetu, ambacho hakiko mbali na Dabani katika Wilaya ya Busia, Uganda, walikuwa wamekubaliana kuandika historia ya mahali petu kabla wanaoikumbuka hawajaisha. Walinichagua kwa sababu mbili: ninasoma chuo kikuu na nina kompyuta. Mzee aliyesimamia kazi hiyo aliniletea daftari la shule. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa "Koo Zilizoanzisha Mahali Hapa", na chini yake majina saba. Kurasa zilizofuata zilieleza watu mashuhuri wa kila ukoo: chifu, katekista wa kwanza, mwalimu mkuu, muuguzi aliyesomea Ulaya. Familia iliyotaka picha ya babu yao itokee kitabuni ilitakiwa kuchangia gharama za uchapishaji.

Nilisoma daftari lote usiku ule. Ukoo wetu haukuwemo. Asubuhi nilimwuliza mzee kwa heshima kama labda kuna ukurasa uliochanika. Akanijibu, "Hapana, mwanangu. Ninyi mtakuwa mwishoni, pamoja na wageni wengine." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba mvua hunyesha kutoka juu. Baba wa babu yangu alivuka mto Sio kutoka upande wa Funyula katika miaka ya 1930, akapewa shamba na ukoo wa mzee huyu huyu. Amezikwa katika shamba hilo, babu yangu amezikwa hapo, na bibi yangu bado analilima. Kwa hesabu ya daftari, baada ya takriban miaka tisini, sisi ni wageni.

Ningeweza kulichukulia kama jambo la heshima tu na kulisahau. Lakini katika nchi yetu historia ya koo haikai kabatini. Mji wa Busia unapanuka, bei ya viwanja inapanda, na chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 mtu anaweza kuomba hati ya umiliki wa kimila. Kamati ya ardhi inapokuja shambani haiulizi vitabu vya chuo kikuu, huwauliza majirani: huyu ni nani, na alipataje hapa? Kitabu kilichochapwa, chenye picha na majina, kitakuwa shahidi asiyekufa. Ndiyo maana nilikaa mbele ya kompyuta siku tatu bila kuandika neno, nikijiuliza swali ambalo ndilo swali la insha hii: je, kutangulia kufika mahali kunampa mtu na uzao wake haki gani juu ya wale waliofika baadaye? Na je, ni halali historia ya mahali iandikwe kuwa historia ya koo zilizotangulia na koo zilizotukuka?

Kwanza tuangalie maana ya "kutangulia". Katika sehemu zetu neno hili lina utata kuliko linavyoonekana. Wasamia, Wagwe, Wanyole, Wapadhola na Wateso wanaoishi kati ya Busia na Tororo wote wana masimulizi ya kuhama. Hakuna ukoo nilioufahamu ambao simulizi lake linaanza kwa kusema, "Tulikuwa hapa tangu milele." Kila simulizi linaanza kwa safari: tulitoka kule, tukavuka mto, tukapigana au tukapatana, tukakaa. Lugha zetu zenyewe zinalijua jambo hili. Katika lugha za Waluhya mtu aliyepokelewa katika ardhi ya ukoo mwingine huitwa omumenya, na wengi wao ni abamenya. Neno hilo linatokana na kitenzi cha kukaa. Halimwiti mtu huyo mvamizi wala mpita njia. Linasema kwamba yeye ni mtu aliyekaa.

Pili, tuangalie maana ya "mashuhuri". Daftari la mzee lilikuwa limejaa watu mashuhuri, na wengi wao walistahili kukumbukwa. Lakini nilipopanga miaka yao niligundua kwamba umashuhuri ulianza wakati mmoja kwa karibu wote: pale serikali ya kikoloni na misheni zilipofika. Kabla ya hapo palikuwa na wafuaji wa chuma, waganga, wakunga, wapiga mvua na mabingwa wa vita, lakini majina yao hayakuwa na karatasi. Milima ya Samia ilikuwa na mawe ya chuma, na majembe yaliyofuliwa huko yalifika nchi za jirani, yakabadilishwa kwa nafaka na mifugo, na hata kutolewa mahari. Majembe hayo yalilisha watu wengi kuliko chifu yeyote. Hata hivyo daftari lilikuwa na machifu wanne na hapakuwa na mfua chuma hata mmoja.

Machifu wenyewe walipatikanaje? Upande wetu, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliingia Bukedi mwishoni mwa karne ya 19, na mwanzoni mwa karne ya 20 nchi ilianza kutawaliwa kupitia mawakala wa Kiganda waliokuja nyuma yake. Upande wa pili, Waingereza waliweka kituo chao kwa Nabongo Mumia wa Wanga, ambaye misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili ilikuwa imekwisha kuzoea kupumzika kwake. Mwaka 1909 wakamfanya Chifu Mkuu, na ndugu zake wakapelekwa kutawala watu ambao hawakuwa Wawanga. Mulama, kwa mfano, alipewa Marama. Kwa hiyo kwa upande wa mashariki na kwa upande wa magharibi, ngazi ya kwanza ya umashuhuri ilisimamishwa na mtu wa tatu. Aliyekuwa karibu na ngazi alipanda. Wana wake walisoma, wajukuu wake wakawa waheshimiwa, na sasa vitukuu wake wanaandika kwamba ukoo wao ulianzisha mahali. Sisemi kwamba hawakufanya kazi. Nasema kwamba tunachanganya mambo mawili: kuanzisha mahali, na kuwa karibu na mlango siku mlango ulipofunguliwa. Watu wa kawaida waliijua tofauti hiyo. Januari 1960 ghasia za kodi zilipoenea Bukedi, hasira iliwaangukia machifu na nyumba zao.

Kisha kuna mpaka. Hadi mwaka 1902 kando zote mbili za mto Sio zilikuwa ndani ya himaya moja ya Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hakuna mtu aliyehama siku hiyo. Aliyelala akiwa Msamia aliamka akiwa Msamia, ila mashamba ya shemeji yake yalikuwa sasa katika nchi nyingine. Mwaka 1926 mpaka ulielezwa tena kisheria, na mwaka huo umebaki na nguvu ya ajabu hadi leo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 10, inasema kwamba raia wa kuzaliwa ni mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mmoja wa wazazi au mababu zake ni wa jamii za asili zilizokuwapo na kukaa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa katika Jedwali la Tatu. Zilikuwa 56, na marekebisho ya mwaka 2005 yakazifikisha 65. Wasamia wamo, Wagwe wamo, Wanyole wamo.

Nafahamu kwa nini sheria ilihitaji tarehe. Nchi haiwezi kuishi bila kujua raia wake ni nani. Lakini tuone tarehe hiyo inatufanya nini sisi wa mpakani. Baba wa babu yangu alikuwa Msamia. Tarehe 1 Februari 1926 alikuwa kijana mahali fulani kando ya Sio. Alikuwa kando ipi asubuhi hiyo? Pengine alikuwa majini akivua kamongo. Jamii yake imo katika jedwali, kwa hiyo mbele ya katiba uzao wake una pa kusimama. Lakini mbele ya jirani mwenye hila tarehe ile inageuka kuwa swali la kutisha: "Ninyi si ni wa kule?" Na swali hilo halikuishia kwenye maneno. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya, na wengi wao walikuwa wameishi Uganda miaka mingi. Februari 1976 Idi Amin naye akaigeuza historia ile ile upande mwingine. Alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, kwa kuwa kabla ya mwaka 1902 ndivyo ilivyokuwa. Tazameni basi: historia ya mwanzo ilitumika kwanza kumwondoa mtu katika nchi, kisha ikatumika kudai nchi yenye watu. Katika visa vyote viwili aliyeitumia alikuwa na bunduki, na aliyeteseka alikuwa na jembe.

Mtu anaweza kunijibu kwamba mpaka haukuwatenga watu wote, na atataja familia ya Awori. Ni mfano tunaoupenda sana mpakani, nami pia naupenda. Mchungaji Jeremiah Awori wa Kanisa la Anglikana na mkewe Mariamu walizaa watoto wengi, na watoto hao walitumikia nchi mbili. W. W. W. Awori alikuwa mwandishi wa habari na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Kenya wakati wa ukoloni. Moody Awori alikuwa mbunge wa Funyula, kisha Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi mwanzoni mwa 2008. Ndugu yao Aggrey Awori aliiwakilisha Uganda katika riadha kwenye Olimpiki ya Rome mwaka 1960, akawa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini, akagombea urais wa Uganda mwaka 2001, na akawa waziri kuanzia 2009. Tumbo moja, nchi mbili. Huku kwetu watu husimulia jambo hili kwa fahari, na wana haki.

Lakini nauliza: kwa nini kisa hiki kinatufurahisha, na kisa cha mama anayeuza omena Busia, aliyezaliwa Funyula, akaolewa Dabani na kuzika watoto wawili Uganda, kinatutia shaka? Wote wawili ni Wasamia waliovuka maji yale yale. Tofauti ni kwamba familia ya kwanza ina jina, na jina huvuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho. Kosa hapa si la familia ya Awori hata kidogo. Kosa ni letu tunaosikiliza, kwa sababu tunamhesabia mtu mashuhuri kuwa utajiri jambo lile lile tunalomhesabia mtu mdogo kuwa dosari.

Mfano wa mbali unaweza kutusaidia kuliona vizuri jambo hili lililo karibu. Nchini Marekani kuna jimbo la Virginia. Mwaka 1607 Waingereza walifika huko na kujenga kituo cha Jamestown, katika nchi ya watu waliokuwa chini ya mtawala aliyeitwa Powhatan. Mwaka 1614 binti yake, Pocahontas, aliolewa na Mwingereza John Rolfe, wakapata mtoto mmoja wa kiume. Mama huyo alifariki Uingereza mwaka 1617. Baada ya vizazi kadhaa, baadhi ya familia tajiri za jimbo hilo, zile zinazojiita hadi leo Familia za Kwanza za Virginia, zilijivunia kuwa uzao wake. Neno "kwanza" hapo tayari linachekesha, kwa kuwa Pocahontas mwenyewe alikuwa na bibi, na bibi yake alikuwa na bibi.

Mwaka 1924, miaka miwili tu kabla ya tarehe yetu ya 1926, Virginia ilitunga sheria ya kutenganisha watu kwa damu. Mzungu, ilisema sheria hiyo, ni mtu asiye na damu yoyote isiyo ya Kizungu. Hapo familia mashuhuri zikajikuta katika shida, maana zilikuwa zimejisifu kwa vizazi kuwa na damu ya binti wa Powhatan. Sheria ikawafungulia mlango: mwenye sehemu moja ya kumi na sita au pungufu ya damu ya Wahindi Wekundu, bila damu nyingine isiyo ya Kizungu, ataendelea kuhesabiwa Mzungu. Wakati huo huo wazawa halisi wa watu wa Powhatan, waliokuwa wangali wanaishi Virginia, walifutwa katika daftari za serikali na kuandikwa kuwa watu weusi, kana kwamba taifa lao halipo. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha makatazo ya ndoa ya sheria ile. Lakini makabila sita ya Virginia yalitambuliwa na serikali kuu mwaka 2018 tu, na moja ya vikwazo vyao ilikuwa hizo karatasi zilizoharibiwa.

Nimekaa na kisa hiki muda mrefu kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho daftari la mzee linakificha. Babu mmoja huyo huyo, au bibi mmoja huyo huyo, anaweza kuwa pambo kwa familia yenye nguvu na kuwa hukumu kwa familia isiyo na nguvu. Kinachoamua ni nani anayeshika kalamu.

Sasa nakuja kwenye pingamizi lililo zito zaidi, na sitaki kulikwepa. Mtu atasema: ikiwa kutangulia hakuna maana, basi watu wa Powhatan hawakudhulumiwa. Ikiwa nchi si ya aliyefika kwanza, ni ya nani? Ya mwenye nguvu? Ondoa haki ya mtangulizi, na utakuwa umemfungulia mlango kila tajiri wa mjini anayekuja na muhuri na mashine ya kupimia ardhi kumwambia maskini, "Hata wewe ulikuja." Mzee wa kijiji chetu aliniambia maneno karibu na hayo. Ukoo wake umepoteza ardhi kwa watu wa namna hiyo, na kitabu kwake ni ukuta. Anajenga ukuta kwa kuogopa simba, mimi nalalamika kwamba umenizuia kondoo.

Naona jibu liko katika kutofautisha haki mbili ambazo hufanana kwa mbali. Ya kwanza ni haki ya kutoondolewa. Ya pili ni haki ya kuondoa. Mtu aliyekaa mahali, akalima, akazika, akasaidia majirani kuvuna, ana haki ya kutoondolewa. Powhatan alikuwa nayo, ukoo wa mzee unayo, na hakuna muhuri unaoweza kuifuta. Lakini haki hii haitokani na kuwa wa kwanza. Inatokana na kukaa kwa amani na wale aliokuta au waliomkuta. Kwa hiyo aliyepokelewa baadaye anayo pia, kamili, haipunguzwi kwa kuwa kaburi lake la kwanza ni la mwaka 1950 na la jirani ni la mwaka 1850. Haki ya pili, ile ya kuondoa, haipatikani kwa kutangulia hata kidogo. Mtangulizi anaweza kumkataa mtu mlangoni, maana nyumba ni yake. Akishampokea, akampa shamba, akala naye msiba na harusi, amemaliza kukataa.

Kwa kipimo hiki tunaweza kuwahukumu wote bila upendeleo. Waingereza wa Jamestown walilishwa mahindi ya wenyeji katika miaka ya njaa, kisha wakawaondoa wenyeji hao: mgeni alivunja mapokezi. Serikali ya mwaka 1970 iliwapokea wafanyakazi, ikatumia nguvu zao, kisha ikawafukuza: mwenyeji alivunja mapokezi. Mawakala waliokuja na bunduki hawakupokelewa na mtu, kwa hiyo hawakuwa na haki ya mwenyeji wala ya mgeni, hata kama uzao wao leo, waliobaki na kuishi kama majirani, umepata haki hiyo kwa njia ya kukaa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba dhambi ya babu humfuata mjukuu milele. Mjukuu harithi dhambi. Anachorithi ni wajibu wa kutolitumia jina la babu kama rungu.

Waswahili husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Watu wengi hutumia methali hii kumchokoza mgeni mvivu. Mimi naiona kama sheria ya uraia iliyo fupi kuliko ibara ya 10. Inasema kwamba ugeni una kikomo, na kikomo chake ni jembe. Ukishampa mtu jembe huwezi tena kumwita mgeni, maana sasa jasho lake limo katika ardhi. Na jambo hili lina uzito wa pekee kwetu sisi ambao babu zetu ndio waliofua majembe ya watu wengine. Hata lugha ninayoandikia insha hii ni omumenya nchini Uganda. Ilikuja na misafara na wanajeshi, kwa muda mrefu ilitazamwa kwa shaka, haimo katika jedwali lolote la jamii za asili, lakini tangu mwaka 2005 katiba inaitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na sokoni Busia ndiyo inayofanya kazi tangu alfajiri. Imepewa jembe, nayo inalima.

Siku ya nne nilirudi kwa mzee. Sikwenda kubishana. Nilimwambia, "Mzee, nataka kuandika vizuri habari za ukoo wenu. Ninyi mlipofika hapa, mliwakuta nani?" Alinitazama kidogo. Kisha akasema kwamba walikuta ukoo mwingine, ambao baadaye ulitawanyika wakati wa ugonjwa wa malale, ule uliomaliza watu wa kando ya ziwa mwanzoni mwa karne iliyopita. Nikamwuliza, "Waliwafukuza?" Akasema, "Hapana. Walitupa moto na mbegu ya wimbi, na mahali pa kuanzia." Nikauliza jina la ukoo huo. Alilitaja mara moja, bila kufikiri. Halikuwa miongoni mwa yale saba.

Tulinyamaza wote wawili. Mke wake alituletea chai, tukanywa. Mwishowe mzee akasema, "Andika na hao."

Nilipendekeza basi kila ukoo uwe na mistari miwili ya ziada mwishoni mwa habari zake: nani aliupokea, na nani waliopokelewa nao. Mzee alikubali, akalipeleka shauri kwenye kikao. Kwa mpango huo ukoo wetu ungetajwa katika ukurasa wa ukoo wake, kama watu waliopokelewa, nasi tungemtaja yeye katika ukurasa wetu, kama aliyepokea. Wazee wengine walikubali. Wengine wawili walikataa, na mmoja alisema wazi kwamba kitabu cha namna hiyo kitawapa watu ardhi ambayo babu zake "waliazima tu". Kichwa cha ukurasa wa kwanza bado hakijabadilishwa. Kitabu hakijachapwa hadi leo, na bibi yangu hajaomba hati, kwa kuwa anaogopa kuuliza swali ambalo anaweza kujibiwa vibaya.

Kwa hiyo sidai kwamba fikra yangu imeshinda kijijini. Nadai tu kwamba ni sahihi. Historia ya mahali inahitaji majina, na koo zilizotangulia zinastahili heshima. Lakini heshima yao haitokani na kufika, kwa kuwa hata nyasi zilifika kabla yao. Inatokana na siku walipomwona mtu amesimama ng'ambo ya mto na mzigo kichwani, wakamwambia avuke. Ukoo unaolifuta tendo hilo ili kuwafuta wale waliovuka unajipokonya wenyewe sababu pekee ya kuitwa mwanzilishi. Nami niliye mjukuu wa aliyevuka nina wajibu wangu pia: kulitaja jina la aliyempokea babu yangu kila ninaposimulia tulikotoka, hata kama mjukuu wa huyo aliyempokea hataki kulitaja la kwetu.

Daftari bado liko kwangu. Nimeshaandika kurasa zote, pamoja na mistari miwili ya kila ukoo. Nangoja kikao cha Desemba.